Karafuu ilikuja mwisho: viungo vya chungu cha pwani, vilikotoka na kazi yake jikoni

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliteremka Mogadishu na kukaribishwa kama mgeni wa sultani. Kwa bahati yetu alikuwa mtu wa kuangalia sahani. Ameandika kwamba aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo kingine cha maziwa ya mgando, pamoja na ndimu za achari, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kisha akachomekea, bila haya ya mgeni, kuwa mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kutosha kundi zima la watu wa kwao.

Mtu wa Lamu, Tanga au Unguja akisoma habari hizo leo haoni cha ajabu: wali, kitoweo, achari. Lakini tazama kisichokuwepo. Nyanya hakuna. Viazi na muhogo hakuna. Pilipili inayotajwa imekaa kwa vichala kama zabibu, na hiyo si ile inayotuunguza ulimi. Na karafuu, ambayo dunia nzima ikiitaja huitaja pamoja na visiwa vyetu, wakati huo haikuwa na shamba hata moja katika mwambao wa Afrika Mashariki.

Tatizo la mazungumzo mengi kuhusu viungo vya pwani ni kuvifunga vyote kitita kimoja na kuviita "viungo vya Zanzibar", kana kwamba vilishuka katika jahazi moja siku moja. Kila kimoja kina kwao, kina zama zake, na chunguni kina kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya. Tena waliokuja mwisho ndio waliopata jina kubwa.

Waliokuwepo

Chini kabisa ya chungu hiki kuna Afrika yenyewe: mtama, uwele, ulezi, kunde, ubuyu, ukwaju. Wanaakiolojia waliochekecha udongo wa Pemba wamekuta kwamba katika mji wa Tumbe, uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Katika mji wa Chwaka, palepale kaskazini mwa Pemba, ambao ulistawi kuanzia karne ya 11, mchele ndio ulioshika nafasi hiyo. Yaani wali ulipanda cheo miji ya mawe na misikiti ilipokuwa ikiongezeka. Wali wa sherehe tunaoudhani wa tangu na tangu ulianza kama chakula cha watu wenye uwezo, watu waliokuwa na mahusiano ya ng'ambo.

Ndizi na nazi zilifika kutoka Asia zamani zaidi. Al-Masudi, aliyeipitia pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, alizitaja zote mbili miongoni mwa vyakula vya watu wake. Mnazi una kisa chake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba minazi ya dunia ina koo mbili kubwa, ukoo wa bahari ya Pasifiki na ukoo wa bahari ya Hindi, na kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na mwambao wetu ina damu ya koo zote mbili. Ukoo wa Pasifiki haukuja wenyewe kwa kuelea. Ulibebwa na mabaharia wa kutoka visiwa vya Asia, wale ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kimalagasi cha leo.

Pilipili mbili zisizo na undugu

Pilipili manga na pilipili ya kuwasha hazina uhusiano wowote wa kimimea. Ya kwanza ni tunda la mmea unaotambaa juu ya miti mingine, na kwao ni milima ya Malabar, kusini magharibi mwa India. Punje zake huning'inia kwa vichala, na ndiyo maana naamini achari aliyokula Ibn Battuta ilikuwa ya hii. Ukizichuma mbichi na kuzianika juani, ganda husinyaa na kuwa jeusi. Ukiziacha ziive, ukaziloweka na kuliondoa ganda, unapata pilipili nyeupe. Mti ni mmoja.

Ya pili, pamoja na jamaa zake wote, kuanzia pilipili kichaa na pilipili mbuzi mpaka lile pilipili kubwa lisilowasha, ni ya bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus mwaka 1492 hakukuwa na mche wake hata mmoja katika Afrika, Asia wala Ulaya. Wareno ndio walioisambaza katika bahari ya Hindi katika karne ya 16, na ilienea kwa kasi ambayo pilipili manga haikuwahi kuiona. Sababu ni rahisi. Pilipili manga inataka mvua nyingi na mti wa kupandia. Pilipili kichaa inaota nyuma ya jiko, na mkulima wake mkuu ni ndege. Ndege hawausikii ukali wake kabisa, na mbegu zikipita tumboni mwao hutoka nzima. Ndiyo maana huota chini ya mwembe mahali ambapo hakuna aliyepanda.

Maana yake ni kwamba kabla ya karne hiyo hata mapishi ya India yalipata ukali kutoka kwa pilipili manga, tangawizi na viungo vingine vya kwao. Huo ukali nao si wa namna moja. Wa pilipili manga hutokana na kemikali ya piperini. Hupanda puani na kuisha mapema. Wa pilipili ya Amerika hutokana na kapsaisini, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Kwa hiyo aliyewashwa akakimbilia glasi ya maji anajisumbua bure. Maziwa au mtindi ndiyo dawa. Na mpishi anayekaanga pilipili kwenye mafuta tangu mwanzo anausambaza ukali katika mchuzi wote, ilhali anayeitumbukiza nzima, haijapasuka, katika sufuria inayochemka anapata harufu yake na ukali kidogo tu.

Karafuu

Karafuu si mbegu wala tunda. Ni ua ambalo halijafunguka. Likiachwa lichanue, mafuta yake hupungua na thamani imekwisha, kwa hiyo wachumaji hupanda mtini tumba linapoanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu. Zikishachumwa hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juu ya majamvi mpaka ziwe kahawia na kukatika kwa mlio. Makonyo nayo hayatupwi. Pemba hukamuliwa mafuta.

Kwao ni visiwa vichache vya Maluku, mashariki mwa Indonesia ya leo: Ternate, Tidore na majirani zake. Katikati ya karne ya 17 kampuni ya Waholanzi iliing'oa mikarafuu ya visiwa hivyo na kuuacha ukulima ujikusanye Ambon, ili dunia nzima inunue kwa bei yao. Kungumanga ilifanyiwa ukatili mkubwa zaidi. Mwaka 1621 Waholanzi waliwaua na kuwafukuza karibu watu wote wa visiwa vya Banda, na mwaka 1667 walibaki na kisiwa kidogo cha Run huku Waingereza wakibaki na Manhattan. Enzi hizo wengi waliamini Waholanzi ndio waliopata kikubwa.

Kufuli hilo lilivunjwa na Mfaransa Pierre Poivre, aliyefanikisha kutoroshwa kwa miche ya karafuu na kungumanga hadi Morisi mwaka 1770. Kutoka huko mikarafuu ilienda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil, akaileta Unguja. Seyyid Said alipoona faida yake aliyachukua mashamba ya Saleh, akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Ndani ya kizazi kimoja Zanzibar ikawa ndiyo soko la karafuu la dunia.

Habari hii husimuliwa sana kwa watalii, na mara nyingi huishia hapo. Nani alipanda, nani alipalilia, nani alipanda juu ya mti wa futi arobaini? Ni watumwa, waliotolewa bara kwa miguu na kuvushwa kwa majahazi. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Zanzibar mwaka 1897 tu, wakati karafuu ilikuwa imeshatawala uchumi kwa zaidi ya nusu karne. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu, Unguja ndiyo yenye sifa.

Kichekesho ni kwamba mteja mkubwa wa karafuu ya Zanzibar katika karne ya 20 alikuwa Indonesia, kwao karafuu yenyewe. Waindonesia walianza kuisaga na kuichanganya na tumbaku katika sigara zao za kreteki, wakawa wanahitaji zaidi ya walichokuwa wanazalisha. Walipopanda mikarafuu yao ya kutosha, miaka ya 1980, soko la Pemba likaporomoka. Hakuna aliyeacha kupika pilau. Jiko halikuwahi kuwa mnunuzi mkubwa.

Na kweli, hesabu karafuu zinazoingia katika sufuria ya pilau ya watu kumi: hazizidi kiganja cha mtoto. Zikizidi, chakula kinanuka kama chumba cha daktari wa meno, kwa sababu eugenoli, mafuta makuu ya karafuu, ndiyo hiyohiyo inayotumika kutia ganzi jino. Kiungo kilichoijenga Zanzibar ndicho kinachotakiwa kidogo kuliko vyote chunguni.

Kisichokosekana hakilimwi

Kiungo ambacho pilau haiwezi kuwa pilau bila hicho ni bizari nyembamba, ambayo Unguja huitwa uzile na kwingine bizari ya pilau. Hii haitoki katika mashamba ya viungo wanakopelekwa wageni. Kwao ni nchi kavu za mashariki ya Mediterania hadi Uajemi, na unyevu wa visiwani haiupendi. Leo nyingi hulimwa Gujarat na Rajasthan, na mji wa Unjha huko Gujarat ndio soko lake kuu. Harufu inayotangaza harusi ya Kiswahili mtaa mzima imesafiri kutoka jangwani.

Hapa pana mtego wa dukani. Ukisema "bizari" tu, muuzaji wa Mombasa, wa Kariakoo na wa Darajani wanaweza kukupa vitu vitatu tofauti: manjano ya unga, mchanganyiko wa mchuzi, au mbegu za pilau. Taja unachotaka kupika, usitaje jina peke yake. Giligilani nayo huwachanganya wengi. Ni mbegu ya mmea uleule ambao majani yake Unguja huitwa kotmiri na Nairobi dania, lakini mbegu na jani havibadilishani kazi: mbegu hukaangwa mwanzo, jani hutupiwa mwisho.

Mdalasini una mgawanyiko ambao haupo katika jina lake. Ule wa asili wa Sri Lanka una magome membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka, hupondeka kwa vidole, na harufu yake ni ya upole. Ule mnene, mgumu, uliojikunja tabaka moja, ni wa jamaa zake wa China, Vietnam na Indonesia. Kwa pilau inayochemka muda mrefu sioni ubaya wa huu mgumu, unastahimili moto. Ila anayekunywa kijiko cha unga wake kila siku kama dawa ajue kuwa una kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi kinaweza kulidhuru ini. Iliki ni ya milima ya kusini mwa India, ingawa leo muuzaji mkubwa wa nje ni Guatemala, na kwetu hulimwa chini ya misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza.

Kwa nini mafuta kwanza

Harufu za viungo hivi karibu zote hukaa katika mafuta yake, na mafuta hupenda mafuta. Ndiyo sababu mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga nzima huingia kwenye samli ya moto kabla ya supu. Ukivitia majini moja kwa moja, harufu nyingi hupaa na mvuke; jirani anafaidi kuliko mlaji. Kitunguu huja kukaangwa mpaka kiwe kahawia iliyokolea, na rangi ya pilau la pwani hutoka hapo, kwa sukari na protini za kitunguu kubadilika kwa moto. Haitoki kwenye manjano. Anayetia manjano anapika wali mzuri, simkatazi, ila asituite kwenye pilau.

Uzile uliotwangwa na thomu na tangawizi huingia kitunguu kikishaiva, kwa sababu thomu huungua upesi na ikiungua huwa chungu. Viungo vya unga hupoteza nguvu haraka kuliko vizima, maana kusaga ni kufungua milango yote kwa hewa. Nunua vizima, twanga vya siku hiyo.

Waliovuka bahari ya pili

Mahindi na nyanya vilifugwa Mexico, muhogo kusini magharibi mwa Amazoni, karanga na viazi mbatata Amerika ya kusini, korosho kaskazini mashariki mwa Brazili. Karanga iliisukuma pembeni njugu mawe, ambayo ni ya Afrika. Nyanya imeuteka mchuzi wetu kiasi kwamba vijana wengi hawajui mchuzi usio nayo, ingawa kazi yake, kutoa uchachu na uzito, ilikuwa ikifanywa na ukwaju, ndimu na embe bichi. Papai bichi, mgeni mwingine wa Amerika, lina kimeng'enya cha papaini kinachokata nyama ngumu, na mpishi wa biriani hulipaka kwenye nyama kwa hesabu. Likikaa usiku kucha unaamka na uji wa nyama.

Muhogo nao ulikuja na hatari yake. Aina chungu zina sumu ya sianidi, na watu wa Amazoni walikuwa na maarifa ya kuikamua na kuikausha. Kwetu njia hizo zilibuniwa upya: kumenya, kuloweka, kuvundika, kuanika makopa. Kisamvu hutwangwa kwanza, na hilo si kwa ajili ya ulaini pekee. Kutwanga huachilia sumu itoke, kisha kuchemsha bila kifuniko kukaimaliza. Pale njaa inapolazimisha watu kuruka hatua hizo, matokeo ni konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwakumba watu wengi mkoani Nampula, Msumbiji. Anayesema bibi zetu walikuwa wanapoteza muda kwenye kinu hajui kinu kilikuwa kinafanya nini.

Tui na uchachu

Kisamvu kikishaiva kinadai tui, na hapo ndipo wapishi wengi huharibu. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi hukamuliwa mara ya kwanza ikatoa kasimele, tui zito. Ikiongezwa maji na kukamuliwa tena hutoa tui jepesi. Tui ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi. Moto mkali huzigandisha protini hizo, mafuta yakajitenga juu, na tui likakatika. Tui jepesi hupikia, linavumilia. Kasimele huingia mwisho, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja bila kuacha, na ikianza kutokota tu sufuria hushuka. Upande mmoja au pande mbili hakuna tofauti ya kikemia, lakini mkono unaokoroga kwa utaratibu haukolezi moto, kwa hiyo sitabishana na wazee.

Uchachu nao hukata tui, uwe wa ndimu au wa ukwaju. Mkwaju ni mti wa Afrika tangu asili, na huenda ndicho kiungo cha zamani kuliko vyote katika mchuzi wa samaki wa nazi. Loweka ukwaju kwa maji ya moto kidogo, uchuje, na uutie kwenye tui jepesi samaki anapoiva, sio kwenye kasimele. Ukitumia ndimu, subiri sufuria iepuliwe.